Kausha damu: fanya haya kabla hujasaini

Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. "Kaka, kuna ofisi hapa Mbagala inatoa laki tatu papo hapo, nichukue?" "Kaka, hii programu inasema nina sifa ya kukopa elfu themanini, ni salama?" "Kaka, rejesho la leo sina na wanakuja saa kumi, nifanyeje?" Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa nayaweka yote mahali pamoja. Wewe unayesubiriwa saa kumi, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Mambo yakiharibika", mengine utasoma usiku.

Nilifanya kazi ya afisa mikopo kwa miaka miwili na ushee, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Nilikuwa nazunguka na kadi za marejesho kwenye begi, genge kwa genge, saluni kwa saluni. Nimeona mtu akikopa laki mbili zikamtoa, na nimeona mtu akikopa laki mbili hizohizo akahama mtaa usiku. Tofauti yao haikuwa bidii. Wa kwanza alijua kabla ya kusaini kila rejesho litatoka mfuko gani. Wa pili alijua shida yake tu.

Ninaongelea Tanzania, na mikopo ya aina tatu: ile ya ofisini yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo mtaani imebatizwa kausha damu, ile ya kwenye simu inayopitia mitandao, kama Songesha na Timiza, na ile ya programu za kupakua. Hatua ni zilezile kwa zote, na penye tofauti nitasema.

Andaa hivi kwanza

- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Mauzo au mapato yako ya siku 14 zilizopita, siku kwa siku. Kama hujawahi kuandika, anza leo na mkopo usubiri. Najua hutaki kusikia hivyo.
- Orodha ya madeni yote uliyonayo sasa, likiwemo la mangi na la kikoba.
- Jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye leseni yake. Lililoandikwa kwenye bango la rangi linaweza kuwa jingine.
- Ratiba ya marejesho kwenye karatasi. Wakikwambia "utapewa baada ya kusaini", inuka.
- Nakala ya kitambulisho cha NIDA. Kitambulisho chenyewe kinabaki kwako.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua unachofanya. Mikopo mingi niliyoona ikivunja ndoa haikuwa mikubwa, ilikuwa ya siri.

Hatua ya 1: Andika pesa inakwenda wapi na inarudi lini

Sentensi moja tu: "Nakopa kiasi fulani, nanunua kitu fulani, kitanirudishia kiasi fulani, kuanzia tarehe fulani." Ukishindwa kuimaliza, huo mkopo utaulipa kwa kutumia pesa ya kula.

Matumizi yanayobeba mkopo wa aina hii ni machache. Bidhaa inayozunguka ndani ya siku mbili tatu: nyanya, samaki, vocha, mkaa wa reja reja. Oda ambayo mteja ameshalipa sehemu. Kifaa kilichoharibika ambacho kila siku kikiwa kibovu unapoteza kipato, mfano tairi la bodaboda au mota ya cherehani. Na dharura ya hospitali, ambayo haina faida lakini haingoji. Hapo kopa kidogo kabisa kinachotosha, usiongeze "na ya matumizi".

Matumizi yasiyobeba: ada ya shule, kodi ya nyumba ya miezi sita, kiwanja, harusi, simu mpya, na kulipa mkopo mwingine. Ada na kodi ni mahitaji ya kweli, sibishi. Ila hayazai chochote kesho asubuhi, na rejesho la kausha damu linaanza kesho asubuhi.

Hatua ya 2: Gonga milango ya bei rahisi kwanza

Ipe siku mbili.

Kama ni mfanyabiashara, omba mali kauli. Ukichukua gunia la vitunguu kwa ahadi ya kulipa Ijumaa, umekopa bila riba. Muuzaji wa jumla anayekufahamu ana sababu ya kukuamini, maana anataka urudi. Kama unacheza mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, mwombe kijumbe, yaani msimamizi wake, akubadilishie zamu na mtu asiye na haraka. Kama uko VICOBA, ulizia mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, maana vikundi vingi hutoa kwa riba ndogo au bila riba. Kama umeajiriwa, omba sehemu ya mshahara mapema, kisha nenda SACCOS. Wanaokwepa riba kwa sababu ya dini wameishi kwa mali kauli na mchezo miaka yote.

Halafu kuna mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi na ina mlolongo wa makaratasi, kwa hiyo haitakuokoa na shida ya Jumatatu. Anza kuifuatilia ukiwa huna shida, kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya pesa ya mkononi

Hapa ndipo wengi wanapigwa, kwa hiyo twende taratibu.

Ofisi inakwambia: "Mkopo 300,000, riba asilimia 20, siku 30, unarejesha 12,000 tu kwa siku." Hiyo "tu" nimeisema mimi mwenyewe mara nyingi sana. Sasa chukua daftari.

Fomu 10,000. Bima ya mkopo 6,000. Vinakatwa kabla hujapewa, kwa hiyo mkononi unapokea 284,000. Unarejesha 12,000 mara 30, yaani 360,000. Gharama yako halisi ni 76,000, ambayo ni karibu asilimia 27 ya ulichopokea. Ile 20 ya bango umeshaiacha nyuma.

Bado haijaisha. Hiyo 284,000 hukukaa nayo mwezi mzima. Siku ya 15 umesharudisha 180,000, kwa hiyo katika pesa yao umebaki na 104,000 tu. Siku ya 24 umesharudisha 288,000, zaidi ya ulichopewa. Tangu hapo mpaka siku ya 30 hakuna hata senti yao iliyobaki kwenye biashara yako, na bado kila asubuhi unatoa 12,000. Kwa hiyo usiulize "riba ni asilimia ngapi?" Uliza maswali manne na uyaandike majibu:

1. Napokea shilingi ngapi mkononi, baada ya makato yote?
2. Narudisha jumla shilingi ngapi?
3. Rejesho la kwanza ni tarehe ngapi?
4. Nikichelewa siku moja, faini ni shilingi ngapi, na inahesabiwa juu ya nini?

La nne ndilo wasilopenda kujibu. Faini ya 2,000 kwa siku inaonekana ndogo. Juu ya rejesho la 12,000 ni karibu asilimia 17, kila siku.

Kwa kulinganisha, Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni ndogo zisizopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 ni 10,500. Ukiona pengo kati ya 10,500 na 76,000, unaelewa kwa nini gharama nyingine zinaitwa ada, bima, usimamizi, ufuatiliaji, majina yote isipokuwa riba.

Angalia pia riba inahesabiwa juu ya nini. Mfano, 1,000,000 kwa miezi 6 kwa asilimia 3.5. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi, unalipa riba 210,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, ukilipa deni lenyewe kwa mafungu sawa, ni 122,500. Asilimia ni moja, tofauti ni 87,500. Uliza: "Riba inashuka kadiri ninavyolipa, au imekaa palepale?"

Mikopo ya simu inadanganya macho kwa udogo wake. Ukichukua 20,000 na kurudisha 22,000 baada ya wiki, hiyo 2,000 huihisi. Ukiifanya tabia, kila wiki kwa mwaka mzima, umelipa 104,000 kwa ajili ya 20,000 ileile. Kumbuka pia kwamba deni la kukamilishia muamala pale salio lisipotosha, kama la Songesha, hukatwa lenyewe pesa ikiingia. Mteja akikutumia pesa ya mzigo kwenye laini yenye deni, unaweza kukuta imepungua kabla hujafika sokoni. Pokelea pesa za wateja kwenye laini nyingine.

Hatua ya 4: Pima na siku yako mbovu

Rudi kwenye mauzo ya siku 14. Kila mtu hupiga hesabu kwa siku nzuri. Wewe chukua wastani wa siku tatu mbovu kuliko zote, toa gharama ya bidhaa, toa chakula cha nyumbani, nauli na ushuru. Kinachobaki kigawe mbili. Hapo ndipo rejesho lako la siku lisipite.

Mfano wa fundi cherehani. Januari amepata oda ya sare 40 kwa 18,000 kila moja, jumla 720,000. Amelipwa 300,000 ya kuanzia. Kitambaa, nyuzi na vifungo ni 480,000, kwa hiyo anapungukiwa 180,000. Anataka kukopa 200,000 kwa asilimia 20 na fomu 10,000: anapokea 190,000, anarudisha 240,000, gharama 50,000. Faida ya oda ni 240,000, akitoa gharama ya mkopo inabaki 190,000. Mkopo mzuri, sivyo?

Subiri. Shule italipa baada ya wiki mbili, akikabidhi. Rejesho la 8,000 linaanza kesho. Kwa siku 14 kabla ya malipo anadaiwa 112,000, na mkononi ana 10,000 zilizobaki. Kama ana kazi ndogondogo za kila siku, zipu na kupunguza suruali, zinazomletea 8,000 ya kuweka kando, aende. Kama hana, siku ya pili ameshakwama, na oda yake ya faida inageuka chanzo cha faini. Dawa yake ni kuomba marejesho ya wiki au malipo mara moja mwishoni, au kurudi shuleni kuomba waongeze malipo ya kuanzia. Hilo la mwisho watu hawalijaribu kwa aibu. Jaribu.

Hatua ya 5: Hakiki leseni

Mikopo hii inasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tafuta jina kamili. Hata herufi moja ikitofautiana, uliza.

Cheti cha BRELA ukutani kinaonyesha kampuni imesajiliwa tu. Leseni ya biashara ya halmashauri nayo si ruhusa ya kukopesha. Nimeona ofisi zikiviweka viwili hivyo kwenye fremu za dhahabu, wateja wanasoma kichwa cha habari na kuridhika.

Programu za simu ndizo hatari zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Zikifungwa hubadilisha jina na kurudi, kwa hiyo kuwepo kwenye duka la programu si ushahidi wa kitu. Ishara za kukimbia:

- Inaomba ruhusa ya kuona majina yote ya simu yako, picha na meseji. Watayatumia kuwapigia bosi, mkwe na mchungaji wako.
- Inakutaka utume ada kwanza "kufungua mkopo". Huyo ni tapeli, hakuna mkopo nyuma yake.
- Inasema siku 90 kwenye tangazo, na siku 7 baada ya kukubali.
- Inakutumia pesa ambayo hukuthibitisha kuiomba.

Hatua ya 6: Soma mkataba kwa kalamu mkononi

Chukua nakala, nenda nayo nyumbani, lala nayo usiku mmoja. "Ofa inaisha leo" ni maneno tu. Tulikuwa tunayasema kila leo.

Haya usiyafanye hata ukiahidiwa nini:

- Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Kiasi kitajazwa wewe ukiwa njiani.
- Usisaini mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Karatasi inayosema umemuuzia pikipiki yako kwa 400,000 maana yake umeuza. Ahadi ya mdomo kwamba "ni utaratibu tu" haitasomwa mbele ya hakimu.
- Usiache kadi ya benki na namba ya siri. Walimu na wauguzi wengi wanaishi hivi: mshahara unaingia, mtu mwingine anautoa, wao wanapewa chenji.
- Usiweke nyumba ya familia bila mwenza wako kuridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako.
- Orodha ya dhamana iwe na vitu kwa majina na idadi. "Vitu vyote vya ndani" ni pamoja na godoro la mtoto.

Kwa mdhamini: ukisaini kumdhamini jirani, umekopa wewe. Piga hesabu ya Hatua ya 4 kwa mapato yako.

Hatua ya 7: Pokea, hesabu, anza kulipa

Hesabu pesa hapohapo. Ikiwa pungufu ya iliyoandikwa, usitoke ofisini. Nenda nayo moja kwa moja kwenye kitu ulichokiandika Hatua ya 1, usipitie nyumbani.

Lipa kwenye namba ya malipo ya kampuni, si kwenye simu binafsi ya afisa. Ukilipa taslimu, kadi isainiwe mbele yako, halafu ipige picha. Nakumbuka mama mmoja muuza mihogo aliyekuwa na picha ya kadi yake ya kila siku. Siku vitabu vyetu vilipomwonyesha anadaiwa marejesho manne, alifungua simu na ubishi ukaisha.

Tenga rejesho asubuhi, kwenye mauzo ya kwanza. Jioni pesa huwa imeshapata wajomba.

Hatua ya 8: Maliza na ukatae wa pili

Ukimaliza utapigiwa: "Umekuwa mteja mzuri, sasa una sifa ya laki tano." Faida ya ofisi iko hapa. Mkopo wa kwanza tuliutoa kwa wasiwasi, wa tatu na wa nne ndiyo uliolipa mishahara yetu. Omba barua ya kumaliza deni na urudishiwe dhamana, kisha endelea kutenga ile 12,000 ya kila siku kwa siku 24 nyingine, kwako mwenyewe. Utakuwa na 288,000. Ni zaidi kidogo ya walichokupa mkononi.

Mambo yakiharibika

*Rejesho la leo sina.* Piga simu kabla ya saa ya rejesho, wewe ndiye upige. Afisa ana mahesabu ya kuwasilisha jioni, na anayemwogopesha ni yule aliyezima simu. Peleka hata 3,000, taja siku na kiasi utakachoongeza, na uyaandike kwa meseji ibaki kumbukumbu.

*Nimechukua mkopo kulipa mkopo.* Simama hapo ulipo. Andika wote wanaokudai, kiasi kilichobaki na faini ya kila mmoja. Mwenye faini kali na mwenye dhamana ya kazi yako, kama cherehani au pikipiki, wanatangulia. Wengine wafuate mwenyewe uombe ratiba mpya, kwa maandishi, ukitaja kiasi unachokiweza kila wiki. Kama kuna kitu cha kuuza, uza mwenyewe kwa bei ya soko. Televisheni ikichukuliwa na wao itathaminiwa kwa bei ya kutupa na deni litabaki.

*Wamekuja kubeba vitu.* Afisa mikopo si dalali wa mahakama. Omba kuona mkataba na orodha ya dhamana, kisichokuwemo hakitoki. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie. Usipigane, andika majina, saa na vitu.

*Wananitishia polisi.* Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai. Ila kama ulighushi hati au ulitoa dhamana isiyo yako, hilo ni jambo jingine, tafuta msaada wa kisheria mapema.

*Wanawatumia meseji watu wangu.* Piga picha ya skrini kila ujumbe, pamoja na namba na saa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Zuia ruhusa za programu hiyo kwenye simu, kisha waandikie jamaa zako meseji moja fupi: "Namba zangu zimechukuliwa na mkopeshaji, msijibu wala msilipe chochote." Aibu itapungua nusu ukiitangaza mwenyewe.

*Hesabu zao na zangu hazilingani.* Andika barua kwa kampuni, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, peleka malalamiko Benki Kuu. Ina ofisi Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Beba mkataba, kadi ya marejesho na risiti za simu. Ukienda na maneno matupu watakurudisha ukazilete.